UZI: Mwarobaini – pale unaposaidia kweli, na kijiko cha mafuta kilichotaka kumuua mpwa wangu

#1 Mtunza Mche

Wakuu, habari za jioni.

Nimesoma nyuzi nyingi za mwarobaini humu na karibu zote zinafanana: chemsha majani, kunywa glasi asubuhi na jioni, malaria kwisha, sukari kwisha, vidonda vya tumbo kwisha. Hakuna anayeeleza majani kiasi gani, anywe mtu wa umri gani, na nani asiguse kabisa. Mimi mti huu nimekua chini yake. Miche yake naotesha na kuuza, bustani yangu naipulizia maji yake, sabuni yake ndiyo naogea. Lakini mwaka jana nusura tumzike mtoto wa dada yangu kwa sababu ya mti huu huu. Leo nimekaa niandike ninayoyajua. Ni uzi mrefu, mnivumilie.

Kwetu ni Muheza. Uani kwa bibi palikuwa na mwarobaini mmoja mkubwa na kivuli chake ndicho kilikuwa sebule yetu. Mbuzi ya kukunia nazi ipo pale, mkeka upo pale, mgeni anakaribishwa pale. Mtoto akipata tetekuwanga, bibi anachuma majani mabichi, anayatwanga kwenye kinu, anayakamulia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu mpaka maji yanageuka kijani. Ukishaogeshwa hufutwi kwa taulo, unalazwa juu ya kanga ukauke kwa upepo. Usiku akisikia unajikuna anakuja na kitawi chenye majani laini, anakupitishia mgongoni taratibu, anashuka nacho na kupanda nacho, mpaka usingizi ukuchukue. Nina miaka 41 na nikikishika kitawi cha mwarobaini mgongo wangu bado unakumbuka.

Kitu kimoja nilikuja kukielewa ukubwani. Bibi hakuwahi kumnywesha mtoto. Watu wazima walikunywa, tena kwa kikombe kidogo cha kahawa, siku tatu, basi. Mama mwenye mimba hakupewa. Ukimuuliza anakujibu kwa maneno matatu tu: "Mtoto anaoga, hanywi." Sisi wajukuu tulibeba habari ya maradhi arobaini, lile sharti tukalisahau.

Na jina lenyewe ni hilo, arobaini, kwamba unatibu maradhi 40. Ni hesabu ya sifa, si orodha. Mti wenyewe asili yake ni Bara Hindi na Burma, huku kwetu ulikuja na wahamiaji kutoka India, ukaipenda pwani kana kwamba imezaliwa nao. Ukiwauliza Wahindi wa Maharashtra watakuambia kwamba siku ya mwaka mpya wao, Gudi Padwa, watu hutafuna majani machanga ya mwarobaini pamoja na sukari guru, mwaka uanze kwa uchungu na utamu pamoja. Waliokwenda Hija nao wameuona: uwanja wa Arafat umepandwa miarobaini kama 50,000 kwa ajili ya kivuli cha mahujaji. Unastahimili jua kali na mvua haba, ndiyo maana hata Dodoma na Singida unasimama vizuri miti mingine ikiwa imenyong'onyea. Usichokitaka ni maji yaliyotuama kwenye mizizi.

Kabla sijaenda mbali, hakikisha mti ulio nao ni mwarobaini kweli. Kuna ndugu yake anaitwa mmelia, na watu wengi wanauita mwarobaini vilevile. Chukua jani zima, yaani kikonyo chote na vijani vyake. Wa mwarobaini kikonyo ni kimoja, vijani vimepangwa kulia na kushoto, kila kijani kimepinda kidogo kama mundu na ukingo wake una meno ya msumeno. Wa mmelia kikonyo kinatoa matawi madogo pembeni, na hayo matawi ndiyo yenye vijani. Maua ya mwarobaini ni meupe, madogo, yananukia usiku. Ya mmelia yana rangi ya zambarau. Tunda la mwarobaini lina umbo la yai jembamba, likiiva ni njano na popo wanaligombania. La mmelia ni la mviringo, linabaki mtini muda mrefu hata majani yakishapukutika, na lina sumu. Kuna watoto wamekufa duniani kwa kula matunda ya mmelia. Kama huna uhakika, usichume.

Sasa matumizi. Naanza na yale ambayo mwarobaini haujawahi kuniangusha.

Ngozi. Upele, vipele vya joto, ukurutu wa kichwani kwa watoto wakubwa, miwasho ya tetekuwanga. Kuoga maji ya majani na kutumia sabuni yake kunatuliza kweli. India mwaka 1992 kuna madaktari waliandika juu ya wagonjwa 814 wa upele waliopakwa majani ya mwarobaini yaliyosagwa na manjano, na 97 kwa 100 wakapona ndani ya siku 3 hadi 15. Hawakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo haufungi mjadala, lakini haunishangazi. Ila upele ni wa nyumba nzima. Ukimwosha mmoja na shuka hujazianika juani wala kuzipiga pasi, mwezi ujao mnaanza upya.

Mbu. Mafuta ya mbegu kijiko kimoja cha chai, koroga kwenye robo lita ya mafuta ya nazi, jipake miguuni na mikononi jioni. Hiyo inakupa kama asilimia 2, na ndicho kipimo kilichojaribiwa India kikazuia mbu wa malaria kwa saa nyingi. Usipake yakiwa matupu, yanawasha ngozi na harufu yake ni kali. Chandarua kibaki palepale.

Ghala. Hapa ndipo mwarobaini ulipo mfalme wa nyumba maskini. Majani yaanikwe kivulini, si juani, mpaka yavunjike mkononi. Kunde, choroko na maharage unaweka tabaka la nafaka, tabaka la majani yaliyosagwa, hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Mbegu za kupanda mwakani mimi nazipaka mafuta, kijiko cha chai kwa kilo moja, nageuzageuza mpaka zing'ae. Fukusi wanashindwa kutaga vizuri na vizazi vyao havikui. Ukitaka kula, unaosha. Kwa mahindi sitawadanganya: kuna fukusi wa kawaida na kuna dumuzi, yule tuliyembatiza Scania, aliyetufikia kutoka Amerika ya Kati na kuanzia Tabora. Kwa majani peke yake humwezi. Tafuta mifuko isiyopitisha hewa, na mahindi yakauke kwanza mpaka yalie kwenye meno.

Bustani. Mbegu zina nguvu kuliko majani. Okota zilizodondoka, toa nyama ya nje, osha, anika kivulini. Zenye ukungu mweusi tupa. Chukua nusu kilo ya viini, twanga (usitumie kinu cha chakula, uchungu hautoki), loweka kwenye lita 10 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni ya maji kidogo ili ishike kwenye majani, pulizia jioni. Jioni, wakuu, si saa sita mchana. Dawa iliyomo inaharibiwa na jua, na jioni nyuki wamesharudi mzingani. Rudia baada ya siku 5 hadi 7. Na usioshee bomba mtoni wala kwenye bwawa la samaki.

Watu wengi wanaiacha kwa sababu asubuhi wanakuta kiwavi bado yupo. Haiui kama sumu za dukani. Kuna kemikali inaitwa azadiraktini, inamharibia mdudu hamu ya kula na inavuruga homoni za kujivua ngozi. Kiwavi anabaki na gamba lake la zamani, hawezi kukua, hawezi kuzaa, anakauka. Hesabu siku, usihesabu saa. Mjerumani mmoja mtaalamu wa wadudu, Heinrich Schmutterer, aliona jambo hili kwa macho Sudan mwaka 1959. Nzige walipita wakala kila kitu cha kijani, wakatua kwenye miarobaini, wakaondoka bila kuila. Utafiti mwingi wa leo ulianzia hapo. Kemikali yenyewe ilitengwa mwaka 1968, na ni ngumu kiasi kwamba kuitengeneza maabara kulichukua miaka 22, mpaka 2007 kule Cambridge. Mti unaifanya kila msimu uani kwako bure.

Sasa nije kwenye kijiko.

Mpwa wangu alikuwa na miezi 7. Mafua, kifua kinakoroma kidogo, homa si kali. Jirani mwema kabisa, mama mtu mzima, alimletea dada kichupa cha mafuta ya mwarobaini alichonunua sokoni. Hakina lebo, kina kizibo cha mpira. Akasema kijiko kimoja kidogo kinakata kohozi. Dada akampa kama saa nne asubuhi. Haikufika saa moja mtoto ametapika, akalegea kama kitambaa, anapumua haraka haraka kama aliyetoka kukimbia. Nilipofika na bodaboda macho yameshaanza kwenda juu. Njiani akapata degedege.

Hospitalini daktari aliuliza mara ya kwanza: "Mmempa nini?" Dada akajibu hakuna. Aliogopa kugombezwa. Wakaanza kutafuta malaria, wakapima, hakuna. Wakatafuta homa ya uti wa mgongo. Mimi nilikuwa nje sijui lolote, mpaka nilipofungua mkoba wa mtoto nitafute nepi nikakuta kile kichupa na nikanusa. Ile harufu ya vitunguu saumu vilivyooza nisingeikosea. Nikakimbia nacho ndani. Daktari akanusa, akabadilisha kila kitu palepale. Damu ya mtoto ilikuwa imejaa asidi na sukari imeshuka. Tulikaa siku 4. Leo anatembea, anavunja vyombo, alhamdulillah.

Yule daktari ndiye aliyeniambia kwamba hili si geni. Madaktari wa Malaysia waliandika mwaka 1981 habari za watoto wadogo walionyweshwa mafuta ya mwarobaini kwa kikohozi na mafua: kutapika, kusinzia, kupumua haraka, degedege, ini kuharibika. Wapo waliokufa. Mililita chache tu, kijiko cha chai. Kwa hiyo nasema hapa kwa herufi nilizonazo: MAFUTA YA MWAROBAINI HAYANYWEWI NA MTOTO. Hata tone la kukata kohozi. Ikitokea ameshapewa, usimtapishe kwa nguvu, mafuta yataingia kwenye mapafu. Kimbia hospitali, nenda na chupa, sema ukweli. Aibu ya dada yangu ilitupotezea karibu saa nzima.

Kwa leo niishie hapa. Maswali yaje, nitajibu ninayoyajua.

#2 Mama Wawili

Mtunza Mche, nimesoma nimelia. Mimi mwanangu wa kwanza nilimpa maji ya majani akiwa na mwaka, alikuwa na homa, nikaambiwa na mama mkwe. Hakudhurika lakini sasa natetemeka. Naomba kuuliza, kumwogesha bado ni salama? Wa pili ana miezi 5 na ana vipele vya joto shingoni.

#3 Mtunza Mche

Dada yangu, pole, na usijilaumu, sote tulifundishwa hivyo. Maji ya majani hayana ukali wa mafuta ya mbegu, lakini kwa mtoto mdogo mimi simpi hata hayo.

Kuoga ni sawa kwa mtoto mkubwa kidogo. Wa miezi 5 mwogeshe maji ya kawaida, mpunguzie nguo, shingo ibaki kavu. Vipele vya joto vinaisha vyenyewe. Ukitaka sana kumtumia, yawe mepesi, kiganja kimoja cha majani kwenye beseni zima, na uangalie asilambe mikono wala asinywe maji ya kuogea. Vikitoa usaha au akipata homa, kliniki.

#4 Kijana wa Bahi

Mkuu umetoa darasa zuri ila kwenye malaria umepita kimya. Sisi huku bibi na babu wamepona malaria kwa mwarobaini kabla hospitali hazijafika. Uchungu ule ule wa kwinini. Usituambie babu zetu walikuwa wanajidanganya.

#5 Mtunza Mche

Kijana wa Bahi, nashukuru umeuliza kwa uwazi, na siwadharau babu zetu hata kidogo. Nilipita kimya kwa sababu nilitaka kulipa nafasi yake.

Kwanza, maabara imekuta vitu ndani ya mwarobaini vinavyoua vimelea vya malaria kwenye kichupa cha kioo. Hilo ni kweli. Lakini kutoka kwenye kichupa mpaka kwenye damu ya mtu ni safari ndefu. Kikombe chako cha leo hakilingani na cha kesho, majani ya kiangazi si ya masika, na hakuna aliyethibitisha kipimo kinachomaliza vimelea mwilini bila kuumiza ini.

Pili, mtu mzima aliyekulia kwenye malaria ana kinga kiasi. Anaweza kuugua siku tatu akainuka hata kama amekunywa maji matupu. Akikunywa mwarobaini, sifa inakwenda kwa mwarobaini. Mtoto wa miaka miwili hana kinga hiyo, na wale ambao hawakuinuka hatukubaki nao watusimulie.

Tatu, uchungu. Sisi wa kizazi cha klorokwini tulizoea kwamba kidonge cha malaria lazima kikukunje uso. Klorokwini ikashindwa, mwaka 2001 serikali ikahamia SP, vile vidonge vya Fansidar na wenzake, nayo ikachoka, kuanzia 2006 ikaja dawa mseto. Vimelea vinajifunza. Uchungu hauwatishi. Kipimo cha haraka ni tone la damu na dakika kama 15 au 20. Pima, ukikutwa nayo meza dozi yote. Kisha jioni jipake mafuta yako ya nazi na mwarobaini ili mbu asikurudie. Hapo mti umefanya kazi yake ya malaria, tena kazi kubwa.

#6 Mvita

Salamu kutoka Mombasa. Huku twauita mwarubaini, na wengine wauita mkilifi. Ndugu mwandishi, nimependa sana ulivyoeleza mmelia, maana huku watu wachanganya kila siku, na wengine wauita mwarubaini nusu.

Nataka kuongeza la mswaki. Marehemu babu yangu hakutumia dawa ya meno maisha yake. Kila alfajiri akikata kijiti cha mwarubaini kama urefu wa shibiri, unene wa kidole kidogo, akikimenya ncha, akikitafuna mpaka nyuzi zifunguke kama brashi, ndipo apige. Kijiti cha jana hakitumiki leo. Amekwenda na miaka themanini na kitu na meno yake yote ya mbele.

Pia mujue kuwa mti huu una ubaya wake. Popo na ndege wala matunda, wapeleka mbegu msituni. Kwenye misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda wazee walalamika kuwa mwarubaini waingia na kuikaba miti ya asili. Kuupanda uani ni sawa, kuupanda pembezoni mwa msitu si sawa.

#7 Mtunza Mche

Mvita, ahsante sana, hilo la msitu nilisahau na ni kubwa. Hata huku kwetu, hifadhi ya Saadani wamehangaika na miarobaini iliyojiotea yenyewe. Wanaonunua miche kwangu sasa nitawauliza wanapanda wapi.

Na mswaki wa babu yako, kijiti kipya kila siku, huo ndio usafi. Bibi naye alikuwa anasema ukishapiga mswaki wa mwarobaini uteme, usimeze.

#8 Fundi Kuku

Mkuu nina kuku wa kienyeji 60. Nimekuwa nikiwatilia majani kwenye maji kila wiki kuzuia kideri. Mwezi wa nane walikufa 38 kwa siku tano. Nilikosea kipimo?

#9 Mtunza Mche

Pole sana ndugu yangu, kuku 38 ni ada ya shule ya mtoto. Hukukosea kipimo. Kideri ni kirusi, na mwarobaini haukizuii wala haukitibu, uweke majani ndoo nzima. Kinachozuia ni chanjo. Ile ya tone la jicho, I-2, inastahimili joto kiasi hata vijijini pasipo na friji ya uhakika, unachanja kuku wasioumwa kila baada ya miezi mitatu. Ukishaona wanazungusha shingo na kuharisha kijani umeshachelewa. Waliobaki zungumza na mtaalamu wa mifugo wa kata kabla hujaleta wengine.

Mwarobaini utumie kwenye viota. Tandika majani makavu chini ya nyasi za kutagia, badilisha kila wiki mbili, utitiri na chawa wanapungua sana na kuku anaatamia kwa utulivu. Hiyo nimeiona kwa macho yangu: kuku aliyekuwa anayakimbia mayai alirudi kukaa.

#10 Mzalendo Halisi

Acheni kuzunguka. Mwarobaini wazungu wameshauwekea hati, wanatuzuia tusiutumie ili tununue vidonge vyao. Ndiyo maana kila mwenye elimu anautia dosari.

#11 Neema ya Shamba

Mzalendo, habari ya hati ni ya kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo tamu. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa Wizara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace hataza, yaani hati miliki ya uvumbuzi, ya njia ya kuua kuvu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Mwaka 1995 mwanaharakati Vandana Shiva wa India, mbunge Magda Aelvoet wa Bunge la Ulaya na shirikisho la kilimo hai IFOAM wakaipinga. Hoja yao nyepesi kabisa: wakulima wa India wanafanya hivi tangu zamani, uvumbuzi uko wapi? Mwaka 2000 hataza ikafutwa. Wakakata rufaa, na Machi 2005 rufaa ikatupwa. Kwa hiyo mti ni wetu sote. Nadhani mwenye uzi haukatai mti, anakataa kijiko kwa mtoto.

#12 Mtunza Mche

Neema ya Shamba, umenisaidia mno. Mzalendo, karibu Muheza, nikukabidhi miche kumi kwa mikono yangu.

#13 Shangazi wa Kibiti

Wanangu, mimi nina sukari mwaka wa sita, nameza vidonge vya hospitali asubuhi na jioni. Nakunywa mwarobaini pia, glasi moja kila asubuhi. Juzi nilianguka jikoni, jasho jingi, mikono inatetemeka. Mjukuu akanipa soda nikaamka. Ni mwarobaini?

#14 Mtunza Mche

Shikamoo shangazi, na pole sana.

Jasho, kutetemeka na kuamka kwa soda ni dalili za sukari kushuka kupita kiasi. Mwarobaini una uwezo wa kushusha sukari, vidonge navyo vinashusha. Ukiviweka pamoja vinasukumana upande mmoja, na hakuna anayejua glasi yako ina nguvu kiasi gani. Nakuomba, kama ningekuwa mwanao ningekupigia magoti: simamisha mwarobaini kesho asubuhi, vidonge usiviache, na wiki hii nenda kliniki ya sukari uwaambie yote mawili, kuanguka na glasi. Usiwafiche glasi. Nyumbani kiwepo kitu kitamu karibu na kitanda, na mjukuu ajue kilipo.

Na wengine wanaosoma: mwenye mimba au anayetafuta mimba asinywe wala asitumie mafuta yake ndani ya mwili. Kwa wanyama wa maabara yamezuia mimba kushika na yameitoa iliyokwisha kushika, na India yamewahi kutumika kama kinga ya uzazi. Wanaume mnaotafuta mtoto, nanyi hivyo hivyo, yaacheni.

#15 Mama Wawili

Na nyungu? Tangu ile miaka ya korona mama mkwe hakosi nyungu ya mwarobaini, mchaichai na mkaratusi kila mafua yakiingia.

#16 Mtunza Mche

Mtu mzima mwenye pua iliyoziba atapata nafuu, mvuke unalegeza makamasi. Kuua kirusi cha korona sijaona ushahidi. Hofu yangu ni sufuria. Maji yanayochemka chini ya blanketi, gizani, na mtoto amebanwa kati ya magoti ya mama. Anaporuka anapiga teke. Watoto wasiingizwe chini ya nyungu, na mtu mzima epua kwanza, weka sufuria sakafuni penye kutulia, ndipo ujifunike.

#17 Kijana wa Bahi

Mkuu, nimekusoma yote mara mbili. La malaria nimelielewa, hasa hapo uliposema waliokufa hawakubaki watusimulie. Mdogo wangu wa kiume alifariki na miaka mitatu, tulisema ni degedege la kurogwa. Sikuwahi kumwandika popote.

Nina heka moja ya mahindi, viwavijeshi wamenila msimu uliopita. Je, hii ya mbegu inawafaa? Na chini ya mti wetu matunda ya njano yamejaa, nimeanza kuyaokota leo.

#18 Mtunza Mche

Ndugu yangu, Mungu amrehemu mdogo wako. Ahsante kwa kumwandika hapa.

Viwavijeshi vamizi wanafaa kupigwa wakiwa wadogo, pale majani yanapoonyesha madirisha meupe meupe. Kiwavi akishakuwa mnene na kuziba tundu kwa kinyesi chake, maji ya mwarobaini hayamfikii. Kagua shamba mara mbili kwa wiki tangu mche una majani manne. Usimwage shamba zima kama unyunyizaji wa mvua, elekeza bomba kwenye moyo wa mhindi, jioni.

Matunda uliyookota usiyafunge kwenye mfuko wa nailoni, yatachemka na kuota ukungu. Yamenye leo hii, osha, tandaza kwenye chekecheke kivulini. Mafungu mawili: ya dawa yakauke kabisa uyaweke kwenye gunia la katani. Ya kuotesha usiyakaushe sana, na uyapande ndani ya wiki mbili, yakizidi hapo mengi hayaoti. Lalisha mbegu ubavu, kina cha kidole nusu, udongo uwe na mchanga.

#19 Kijana wa Bahi

Sawa mkuu. Nimepata ndoo mbili. Mama amekaa chini ya mti anamenya, mimi naosha.